Risasi Kali

Bismillahi.

Farkwa, ukingoni mwa mto Bubu
Mwezi 9 Mfunguo Mosi, yaani 3 Oktoba 1911

Kwa mdogo wangu Yahaya, karani wa stoo ya reli, Dodoma.

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, kifua chako, na ile homa ya mwezi uliopita. Sisi huku tu wazima, ila ni uzima wa kiu. Shemeji yako Mwantum anakusalimu. Tumbo limeingia mwezi wa nane na hasira zake zimeingia wa kumi. Binti yetu Mishi anauliza kama ni kweli gari la moshi linakunywa maji kuliko ng'ombe mia.

Nisikuzungushe. Mto umekauka, imebaki mchanga na vile visima vyetu vya kuchimba kwa mikono. Tangu katikati ya Ramadhani ameingia mbogo dume, mzee, wa peke yake, mwenye pembe moja iliyokatika ncha. Analala kwenye vichaka vya ukingo wa pili, na mtu akishuka kuchota anatoka. Wiki iliyopita alimuua Shaaban, jirani yetu, yule aliyekuchongea gongo ulipokwenda shule ya serikali. Tumemzika vipande, Mungu amrehemu. Sasa wanawake wanakwenda kuchota kisima cha juu, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na Mwantum na tumbo lake anakwenda nao kwa sababu hataki kuambiwa akae.

Bunduki ninayo, unaijua: ile kuukuu ya jeshi aliyoniachia Bwana mpima njia ya reli nilipokuwa mbeba bunduki wake, ile wanayoiita ya themanini na nane. Cheti cha Boma kipo, na nakala yake nilikupa wewe uniwekee. Tatizo ni risasi. Zilibaki mbili za Bwana. Ya kwanza haikulia. Ya pili ilimpata begani, akatikisa kichwa kama mtu aliyeitwa jina asilolipenda, akaenda zake. Sasa ana kidonda, na kidonda kimemwongezea ubaya.

Nitafutie risasi kali. Nasema tena, kali, kali kabisa, nisije nikamkwaruza tena. Watu wa chumvi, wale wachuuzi wanaoleta barua hii, watarudi huku baada ya siku kumi na kidogo. Usikae kitako na makaratasi yako.

Ni mimi kaka yako,
Athuman

*

Bismillahi.

Dodoma, 12 Oktoba 1911

Kwa kaka yangu Athuman, shikamoo.

Hali yangu njema, homa imeniacha, natumai barua hii itawakuta wote wazima. Habari ya Shaaban imenikata maini. Nilikaa stoo na daftari wazi mbele yangu nisione hata mstari mmoja. Mwambie mjane wake nampa pole, na Mishi mwambie ni kweli, linakunywa, na likishiba linapiga kelele.

Kaka, nimezunguka mpaka viatu vimelalamika. Mhindi wa sokoni ana baruti ya gobori tu. Karani wa Boma alisoma cheti chako mbele nyuma, akaniuliza kwa nini mtu wa Farkwa ana bunduki ya Kizungu. Nikamwambia amuulize mbogo. Mwisho nilikwenda duka la Mgiriki karibu na reli, nikamwonyesha nakala ya cheti, nikamwambia kaka yangu anataka risasi kali za mtutu wa milimita nane. Akaniletea pakiti mpya, zimetoka Ulaya mwaka huu huu. Nimekununulia sita.

Utazipenda. Ni kali kweli: ncha yake imechongoka kama sindano ya kushonea magunia, ukiigusa bila adabu utatoka damu. Nimezifunga kwenye kopo la majani ya chai, majani juu, risasi chini. Chai ni ya shemeji, usimnyang'anye.

Safari hii usiniite mla makaratasi.

Mdogo wako,
Yahaya

*

Bismillahi.

Dodoma, 14 Oktoba 1911

Kaka Athuman, shikamoo.

Watu wa chumvi waliondoka jana na kopo. Hii naituma mbio na tarishi wa Boma anayepita kwenda Kondoa, nimemwomba aiache kwa jumbe wenu. Salamu nitazimalizia siku nyingine. KAMA HUJAPIGA, USIPIGE.

Jana jioni Bartolomayo, fundi anayetengeneza bunduki za mabwana wa reli, alipita stoo kuchukua mafuta. Nikajisifu kwake kwamba nimempatia kaka risasi za kumwangusha mbogo. Akaomba nimweleze zilivyo. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza bunduki ni ya mwaka gani, nikamjibu, akaacha kucheka.

Alivyonieleza ni hivi. Zile zenye ncha ni risasi mpya za jeshi. Ganda lake ni sawa na la zamani, kwa hiyo zinaingia kwenye bunduki yako bila ubishi. Lakini risasi yenyewe ni nene zaidi kwa kiasi ambacho jicho halioni, na baruti yake ina nguvu zaidi. Mtutu wa zamani ni mwembamba. Ukifyatua, risasi inabanwa, na moto ukikosa pa kupita mbele unarudi nyuma, na nyuma ndipo ulipo uso wako. Pengine itatoka salama. Pengine chuma kitapasuka mkononi. Ameona mwenyewe mtu aliyepoteza taya.

Na hata ikitoka, kaka, hiyo ni risasi ya kupigia watu. Inampita mbogo kama sindano inavyopita nguo, inatoka upande wa pili, naye anakuja. Ya kuwindia ni ile yenye kichwa cha mviringo, laini, cha madini ya risasi yasiyovikwa shaba, inayopanuka ikiingia. Ndizo alizokuwa nazo Bwana mpima, zako zilikuwa zimezeeka tu. Wewe uliandika kali ukimaanisha yenye nguvu. Mimi nikasoma kali nikafikiri ncha. Tumezaliwa nyumba moja na hatukuelewana neno moja.

Liko jambo moja la kutazama. Bunduki nyingine za themanini na nane zilirudishwa kiwandani, mitutu ikapanuliwa ili ziweze kupiga risasi mpya. Hizo zimepigwa herufi moja ya Kizungu juu ya chuma, pale risasi inapoingilia. Herufi yenyewe imepinda juu, kisha ikapinda chini kwa upande wa pili, mfano wa nyoka anayevuka njia. Ukiiona hiyo, Bartolomayo anasema unaweza kujaribu. Usipoiona, zitupe shimoni.

Nijibu upesi. Sina usingizi.

Mdogo wako,
Yahaya

*

Bismillahi.

Farkwa
Mwezi 27 Mfunguo Mosi, Jumamosi, 21 Oktoba 1911

Kwa Yahaya, mla makaratasi.

Waalaikum salaam kwa salamu ambazo hukuzileta. Sisi tuko, tunashukuru. Kopo limefika, na barua ya mbio imefika siku mbili nyuma yake. Chai tumeinywa, imetiwa ladha ya mafuta ya bunduki, Mwantum anasema anaipenda hivyo hivyo.

Niliposoma habari ya taya niliurudia mstari mara tatu, sikufichi. Nikasema huyu mtoto kaniletea kifo kwenye kopo la chai. Kisha nikaichukua bunduki, nikaifuta kwa mafuta ya kondoo, nikaiweka juani nikatazama pole pole. Na nyoka wako yupo, Yahaya! Yupo pale pale ulipopasema, juu ya chuma, risasi inapoingilia. Kachakaa, na kichwa chake kimenyooka kidogo badala ya kupinda, labda nyoka wa Ulaya hawana shingo. Nyuma yake imesimama fimbo, na nyuma ya fimbo kuna kiduara chenye mkia. Nimemwita Mwalimu wa chuo cha Kurani naye akatazama, akasema ni nyoka, hapana shaka.

Unakumbuka uliponiambia nijifunze herufi za Kizungu nikakataa, nikakuambia herufi zisizo na nukta kama zetu za Kiarabu ziko uchi? Bado ziko uchi. Lakini huyu mmoja nimemtambua.

Basi nimeamua. Juzi Mishi alishuka kisima cha karibu bila ruhusa, kwa kumhurumia mama yake. Mbogo alitoka. Mtungi umevunjika, mtoto amepanda mti wa miiba na kukaa mpaka jua la saa tisa, na tulipomteremsha mikono ilikuwa imechanika yote. Sitangoja wa pili. Ijumaa hii inayokuja, baada ya sala, nitaingia mtoni. Upepo saa hizo unatoka kwake kuja kwangu. Nitalala nyuma ya gogo lililoletwa na mafuriko, nimngoje ainuke kwenda kunywa. Zikiwa zinampita kama sindano, basi nitamshona mara sita.

Niombee. Na acha kukosa usingizi, utakosea hesabu za reli.

Kaka yako,
Athuman

*

Bismillahi.

Dodoma, Jumatano, 25 Oktoba 1911, saa kumi alasiri

KAKA USIPIGE. SI NYOKA. NI TANO.

Barua yako imenifikia sasa hivi. Sikiliza. Sisi kwa tarakimu za Kiarabu tano tunaiandika kiduara. Wao tano yao ina kichwa kilichonyooka na tumbo lililopinda, na ikichakaa ni pacha wa ile herufi. Ile fimbo ni moja. Kile kiduara chenye mkia ni tisa. Mia tano na kumi na tisa. Nimeifungua nakala ya cheti chako, na namba ya bunduki iliyoandikwa na Boma ni hiyo hiyo, mia tano na kumi na tisa. Umesoma namba ya bunduki, kaka. Herufi niliyokuambia husimama peke yake. Mtutu wako haukupanuliwa.

Kosa ni langu. Ningekuchorea, badala ya kukupigia hadithi za nyoka. Nilitaka kuonekana najua.

Nimekwenda kwa bwana wa stoo kuomba ruhusa ya siku sita. Amesema gari la vyuma linafika kesho, na nikiondoka nisirudi. Ningeondoka, wallahi, lakini mimi kwa miguu yangu ningefika Jumapili. Kwa hiyo namtuma Sila, Mgogo wa Nzuguni, ambaye hupeleka ng'ombe wa watu mpaka Kondoa. Anasema anaweza kufika Ijumaa adhuhuri asipolala. Hajui kusoma, kwa hiyo nimempa neno mdomoni: "Usipige, si nyoka, ni tano." Ameirudia mbele yangu mara ishirini. Asipokukuta atamwambia shemeji.

Kwenye shuka lake amefunga risasi tano. Bartolomayo amezipata kwa mwindaji anayerudi kwao: za zamani, kichwa mviringo, laini, na pakiti imeandikwa themanini na nane. Amezipima moja moja. Hizo ndizo zako. Zitie hizo, kaka, hata kama ni Jumamosi, hata kama ni mwezi ujao. Mbogo hatahama.

Mdogo wako,
Yahaya

*

Bismillahi.

Dodoma, 6 Novemba 1911

Kaka Athuman, shikamoo.

Nauliza hali yako na ya shemeji na ya Mishi, na safari hii nauliza kweli.

Ijumaa ile nilisimama mlangoni mwa stoo tangu adhuhuri mpaka jua linazama, nikitazama kaskazini kama mwehu, kana kwamba mlio ungeweza kunifikia kutoka huko. Sila alisema angerudi baada ya siku sita. Leo ni ya kumi na mbili. Nimekwenda Nzuguni kwao; mama yake hajui lolote, akaniuliza mimi.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Tukana. Niandikie mstari mmoja.

Mdogo wako,
Yahaya

*

Bismillahi.

Dodoma, 17 Novemba 1911

Kaka,

Watu wa chumvi wamepita leo. Wanasema walipita njia ya Bahi, hawakufika kwenu, lakini walisikia kwamba Farkwa watu wanachota tena visima vya karibu. Nikawauliza nani amemuua mbogo. Wakasema wamesikia amekufa mbogo na mtu mmoja amechukuliwa kwa machela. Hawajui ni nani, wala kama alikuwa hai.

Nimemwambia bwana wa stoo naondoka mwisho wa mwezi, anirudishe au asinirudishe. Shemeji Mwantum, kama ni wewe unayesomewa barua hii na Mwalimu, nisamehe. Sijui nikuombe msamaha wa nini, lakini nauomba.

Yahaya

*

Farkwa
Mwezi 2 Mfunguo Tatu, yaani 24 Novemba 1911

Kwa mdogo wangu Yahaya.

Usishtuke kwa kuikosa Bismillahi juu ya karatasi. Nimeisema kwa mdomo. Huu ninaoandikia ni mkono wa kushoto, na jina lile siliandiki kwa mkono wa kushoto. Usishtuke pia kwa mwandiko. Nimejifunza kwa siku kumi na mbili, Mishi akinishikia ubao, na ananicheka kuliko alivyonicheka Mwalimu nilipokuwa mdogo.

Niko hai. Mwantum yuko hai. Amejifungua mtoto wa kike siku ya tatu baada ya Ijumaa ile, mapema kuliko hesabu yetu, mdogo kama kinu cha tumbaku, lakini ananyonya. Sasa nikueleze yote, maana najua kichwa chako, nisipokueleza utajitungia.

Sila alifika. Usimgombeze, na mtu yeyote asimgombeze huyo mtu mbele yangu. Alifika Ijumaa jua likiwa limekwisha pita utosini, miguu inavuja damu, nami nilikuwa nimekwisha toka msikitini nikashuka moja kwa moja mtoni. Alimkuta Mwantum mlangoni. Akasema lile neno. Mwantum hakungoja amalize. Yeye peke yake ndiye aliyejua gogo nililolala nyuma yake, akatoka mbio na tumbo lake, Sila nyuma yake.

Mbogo alikuwa ameinuka. Nilikuwa nimekwisha mweka machoni, hatua thelathini, ubavu wote wazi. Kidole kimegusa. Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu ukingoni: "Usipige! Athuman, usipige!" Na Sila akarudia kwa sauti yake nzito: "Usipige, si nyoka, ni tano!" Nikaelewa papo hapo kwamba nilichokisoma ni namba, si alama. Ile tano niliiona kama imeandikwa mbele ya macho yangu. Nikatoa kidole.

Lakini na yeye mbogo alisikia. Akageuza kichwa kutafuta sauti, akamwona Mwantum amesimama juu ya mchanga na kanga nyekundu, hana mti, hana mbio tena mwilini mwake. Akamwendea.

Zile risasi nzuri zilikuwa kwenye shuka la Sila, hatua arobaini kutoka nilipolala. Ndani ya bunduki ilikuwa ya ncha. Nilipata muda wa kuvuta pumzi moja, na katika pumzi hiyo nilikumbuka taya ya yule mtu wa Bartolomayo, na niliogopa, Yahaya, niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa tangu nizaliwe. Nikamlenga shingoni, nikafyatua.

Ilimpita kama ulivyosema. Ila ilipopita ilivunja uti, akaanguka kwa magoti hatua nane mbele ya mke wangu. Hayo nimeambiwa, mimi sikuyaona. Chuma kilifunguka kwa nyuma. Jicho la kulia linaona mwanga tu, kama mtu aliye ndani ya chandarua. Mkono wa kulia umebaki na kidole gumba na kidole cha mwisho. Mwalimu ndiye aliyekwenda kumchinja mbogo, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala mchangani natafuta vidole vyangu kwa mkono mwingine. Nyama imekwenda nyumba zote, na mjane wa Shaaban alipewa moyo.

Sila hakuondoka. Nilimwambia aende, akasema hatarudi kwako na habari nusu, angoje mpaka niishi au nife. Amechota maji, amenibeba kwenda chooni, amemwimbia mtoto nyimbo za ng'ombe za Kigogo. Barua hii anaileta yeye. Mpe chakula kabla hujaifungua.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nijifunze kuandika badala ya kumwambia Mwalimu aniandikie. Siku tisa za kwanza nilikukasirikia. Nililala hapa na matambara usoni nikisema, angenyamaza tu, ningepiga kwanza, Mwantum angekuwa nyumbani. Kisha nikasema, ningepiga kwanza, ningepiga nikiwa sijui, na bunduki ingefunguka vile vile. Hasira ikaisha. Imeisha kabisa, sikudanganyi kwa kukufariji.

Watu wa Dodoma watakuuliza kaka yako alipataje kuumia, na wewe nakujua, utainamisha kichwa useme barua ilichelewa. Usiseme hivyo. Nilisikia "usipige" mara tatu kwa masikio yangu mawili. Nilijua bunduki itanifanya nini. Barua yako ilifika, Yahaya.

Kaka yako,
Athuman